Siku Tuliyogawana Mali ya Baba

Baba alifariki mvua zikiwa karibu kuanza, ndiyo maana tulikaa kugawana mali mapema kuliko tulivyopenda. Maksai walihitaji mwenyewe na mbegu zilihitaji mtu wa kuziamulia. La sivyo, msimu ungetupita tukiwa bado tunalia.

Baba mdogo ndiye aliyesimamia. Tulikusanyika uani, mama na sisi watoto wake watano, na wazee wawili majirani wakiwa mashahidi. Kabla ya kutajwa hata kuku, baba mdogo alifungua daftari la marehemu.

"Tuanze na madeni. Hakuna anayerithi kabla wadai hawajalipwa."

Akasoma deni la mbolea, na la fundi aliyechomelea plau. Kisha akafika kwenye ukurasa ambao sisi watoto hatukujua kama upo: watu waliodaiwa na baba. Wachache tu walidaiwa fedha. Waliobaki walidaiwa siku za kulima, au magunia ya nafaka waliyokopa mwaka wa ukame. Mama aliomba haya ya ukame yafutwe, na baba mdogo akayapiga mstari pale pale. Madeni ya baba mwenyewe yalilipwa kwa mbuzi watatu waliouzwa kabla ya mgawo.

Majembe hayakuleta neno. Kila mtu alichukua lile alilozoea kulimia. Ghalani, mama alivuta magunia ya mbegu pembeni. "Haya hayagawanywi. Haya yanapandwa." Hakuna aliyembishia.

Sauti zilipanda tulipofika kwa ng'ombe. Walikuwepo maksai wawili, ng'ombe mmoja wa maziwa mwenye mimba, na mtamba. Kaka mkubwa alikuja na hesabu yake tayari: maksai mmoja wake, wa pili wa mdogo wake anayemfuata, mtamba auzwe wagawane wanaume, ng'ombe wa maziwa abaki kwa mama. Dada yangu na mimi tulipangiwa vyombo vya ndani, kwa kuwa tungeolewa.

Mama alimwacha amalize.

"Mwanangu, maksai Mwekundu amezoea upande wa kulia, anatembea ndani ya mtaro. Kifimbo ni wa kushoto, anatembea juu, kwenye ardhi isiyolimwa. Baba yenu aliwafundisha hivyo tangu wakiwa ndama wakubwa. Ukiwatenganisha, kila mmoja wenu atakuwa na nyama, na hakuna atakayelima."

Alikuwa amesema kweli, na niliijua kweli hiyo kwa miguu yangu. Dada yangu na mimi ndio tuliotangulia mbele ya maksai hao alfajiri, tumeshika kamba, baba akiwa nyuma ameshika plau, kisha tukakimbilia shule. Nikasema hivyo mbele ya wote. Nilitetemeka, lakini nilisema: kama jasho linahesabiwa, na letu lihesabiwe. Mzee mmoja jirani akathibitisha kwamba alituona miaka yote hiyo. Mpaka leo namshukuru, kwa sababu bila ushahidi wake maneno yangu yangeitwa utovu wa adabu.

Baba mdogo akaandika upya. Maksai, plau, nira na mnyororo vitabaki kitu kimoja, mali ya mama na watoto wote. Kaka wa pili, aliyekuwa na mkono mzuri wa kulima, atavitunza. Ataanza na shamba la mama, kisha yetu kwa zamu. Akiwalimia watu kwa malipo, fedha itaandikwa kwenye daftari lile lile la baba. Mtamba akawa wa dada yangu na mimi. Kaka mkubwa akapata baiskeli, bomba la kunyunyizia dawa na mbuzi waliobaki.

Tulikuwa tunainuka baba mdogo alipouliza, "Na aliye tumboni ni wa nani?" Wengine waliona ni swali dogo. Mimi naona lilikuwa muhimu kuliko mengi ya siku ile, maana ndama jike akishazaliwa na kuonekana, kila mtu humtaka. Tukakubaliana kwamba ng'ombe ni wa mama na ndama ni wa kitinda mimba wetu, awe dume au jike. Akazaliwa jike, na hakuna aliyefungua mdomo.

Kaka mkubwa alitia sahihi wa mwisho, na hakunisemesha mpaka zamu ya shamba lake ilipofika. Siku hiyo mshika kamba alikosekana, akaja mwenyewe kuniita. Nikaenda.

Maksai walifanya kazi misimu mingi, mpaka Kifimbo akaanza kuchechemea. Wakauzwa wote wawili siku moja, kwa mnunuzi mmoja. Kaka mkubwa ndiye aliyegawa fedha ile, na fungu la kwanza alimkabidhi mama, kisha akaja kwetu mabinti.