Kilichonishusha Buguruni

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, nilishuka kwenye daladala Buguruni Sheli nikakaa chini kandokando ya barabara, mkoba kifuani, nikijua nakufa. Nilikuwa natoka Segerea kwenda Kariakoo ninakouza vitenge. Gari limejaa, joto la mvua iliyogoma kunyesha, dirisha halifunguki. Ghafla moyo ukaenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi haitoshi. "Konda, shusha! Shusha!" Akadhani nataka kutapika. Sijawahi kupishwa haraka vile.

Mjini hapa kila kitu ni presha. Nikapimwa: 124 kwa 80. Hospitali wakapima umeme wa moyo, sukari, damu, tezi ya shingo. Sina kitu. Shangazi yake mume wangu akaniletea kombe, yale maji ya aya za Kurani, nikanywa, na kwa kweli kukaa naye jioni ile kulinituliza. Wiki iliyofuata yakarudi, palepale Buguruni. Nikahamia bajaji. Bajaji nayo ikanishinda. Mwisho duka likawa linafunguliwa siku mbili kwa wiki.

Nilipopelekwa Muhimbili kwa daktari wa magonjwa ya akili, hilo neno "akili" lilinikaa vibaya kooni. Ila yule baba aliniambia haya ni mashambulio ya hofu, akachukua karatasi, akachora figo mbili, na juu ya kila figo akaweka kofia. Hizo kofia ni tezi. Ubongo ukihisi hatari, taarifa inashuka kwenye neva na tezi zinamwaga homoni ya adrenalini ndani ya sekunde chache: moyo unadunda, damu inakimbilia kwenye misuli. Kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizo, inafuata taratibu nyuma yake, kuhakikisha sukari ipo kwenye damu. Mmarekani Walter Cannon aliyaandika haya ya mwili kujiandaa kupigana au kukimbia mwaka 1915, baada ya kuwachunguza paka waliotishwa. Mimi nimekaa siti ya dirishani, sina wa kupigana naye wala pa kukimbilia.

Kilichoniacha mdomo wazi ni ile ganzi. Nilidhani hewa imepungua, kumbe nilikuwa nahema kupita mahitaji. Ukihema mbio hivyo unaitoa kabonidayoksaidi nyingi mno, mishipa ya damu ya ubongo inabana, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinachomachoma. Nami nikisikia hivyo nazidi kuhema! Halafu kila niliposhuka hofu ilipungua, ubongo ukaandika kwenye daftari lake: kushuka ndiko kumemwokoa. Kesho yake unadai kushuka mapema zaidi.

Nikaandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona na hofu, kidonge kimoja asubuhi, na onyo kwamba siku za mwanzo naweza kuhangaika zaidi na nafuu itachukua wiki kadhaa. Kweli, wiki ya kwanza usingizi ulikata. Jirani akanishauri valiamu, dawa ya kutuliza, "unalala kama mtoto". Daktari akakataa nisiigeuze ya kila siku. Mwili unaizoea, kuiacha ni kazi nyingine.

Dawa ilisaidia, lakini kwangu mimi kazi kubwa ilikuwa kwa mwanasaikolojia. Dada mdogo tu, mpole, na mkatili. Alinipandisha ngazi mbio. Akanihemesha haraka dakika nzima. Akanibana pua nipumulie mrija wa soda. Yaani nalipa nauli kwenda kukabwa! Lengo lake niyaite mwenyewe yale yale yanayonitisha, nikae nayo mpaka yapoe, bila kukimbia. Baadaye tukahamia barabarani: Segerea hadi Tabata Bima saa tano, gari tupu. Kisha hadi Buguruni. Kisha saa moja asubuhi, wakati watu wanaingilia dirishani. Mara mbili nilishuka njiani nikalia. Akasema tupande linalofuata.

Jumamosi iliyopita tulikwama Buguruni karibu nusu saa. Moyo ukaanza. Nikauacha udunde, nikahesabu magunia ya mkaa kwenye lori la mbele, nikafika kumi na tisa. Konda akanigonga begani: "Sista, nauli." Nikampa noti, nikaanza kumdai chenji.