Kumbukumbu ya mradi: Kutafuta nukta tano za Whitechapel nikiwa Dodoma

Ni mwezi wa nne sasa tangu nianze kuzitafuta, kwa ramani na kwa miguu ya mpwa wangu, sehemu tano za mashariki ya London ambako Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly waliuawa kati ya Agosti 31 na Novemba 9, 1888. Muuaji hakupata kujulikana, na lile jina la kutisha alilopewa katika magazeti ya wakati ule silitumii humu, kwa kuwa mradi huu haumhusu yeye. Ninachokitafuta ni mahali: mji ukishavunjwa na kujengwa upya mara tatu au nne, je, inawezekana kurudi kwenye hatua ileile ya ardhi ukasema kwa uhakika kwamba ni hapa?

Swali hilo nimetoka nalo kazini. Nimepima ardhi hapa Dodoma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimeona bikoni zikifukiwa na vifusi, vichochoro vikigeuka barabara za lami, na mibuyu iliyokuwa alama ya mipaka ikiondoka bila mtu kuandika ilisimama wapi. Mwananchi anakuja na karatasi ya zamani inayosema kiwanja chake kipo mkabala na mti fulani, na mti wenyewe haupo, na jirani aliyeujua amekwisha kufariki. Katika hali hiyo mimi huanza na reli. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1910, na ingawa mji umeizunguka pande zote na reli ya kisasa imekuja kupita upande mwingine, mstari ule wa zamani haujasogea. Ukishaipata reli, unaweza kuanza kupima.

Niliichagua Whitechapel kwa sababu ushahidi wake ni mwingi kuliko wa mahali pengine popote ninapopafahamu. Maelezo ya mashahidi mbele ya mabaraza ya uchunguzi wa vifo yamehifadhiwa, na ramani za London za karne ile zilichorwa kwa skeli ya 1:1056, kiasi kwamba unaona kuta, ua na ngazi za kila nyumba. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka bure kwenye intaneti. Mimi huziweka ramani hizo juu ya picha ya setilaiti kwa programu ya QGIS, natoa koordineti, kisha namtumia mpwa wangu anayeishi London. Yeye hutembea Jumapili kuanzia saa 2 asubuhi ya kwao, nami humwongoza kwa simu kutoka mezani kwangu Ipagala, ambako wakati huo ni saa 5 na bati limeshaanza kulia kwa jua.

Jumapili, Januari 12, 2025. Tulianza na Buck's Row, ambako Mary Ann Nichols alikutwa mbele ya geti la yadi ya farasi yapata saa 9 na dakika 40 usiku. Jina la mtaa lilibadilishwa mwaka 1892 na sasa unaitwa Durward Street, kwa hiyo anayeuliza njia kwa jina la zamani atazunguka bure. Nyumba ndogo zilizokuwa upande wa kusini zimeondoka zote. Kilichobaki ni jengo la shule la mwaka 1876, ambalo sasa ni makazi ya watu, na kituo cha Whitechapel kilichopanuliwa kwa ajili ya reli ya Elizabeth iliyofunguliwa Mei 2022. Nilipoitazama ramani kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini, kwa maana reli nyingine, ya zamani kuliko mauaji yenyewe, inapita chini ya mtaa ule kutoka kaskazini kwenda kusini, na geti tunalolitafuta lilikuwa mara tu baada yake kwa upande wa mashariki. Nilimwambia mpwa wangu asiniambie kitu kuhusu majengo, bali anitafutie reli ilipo.

"Mjomba, nimesimama juu yake," alisema baada ya muda. "Treni imepita sasa hivi, nimeisikia miguuni."

Kutoka hapo alihesabu hatua kwenda mashariki. Nilimtaka arudie mara tatu kwa sababu hatua zake ni ndefu kuliko zangu, na tofauti ya vipimo hivyo vitatu ikawa ndogo ya kutosha kunifanya niifunge nukta ya kwanza.

Mbili zilizofuata hazikutuchukua muda. Nyumba namba 29 ya Hanbury Street, ambayo Annie Chapman alikutwa kwenye ua wake wa nyuma Septemba 8, ilivunjwa yapata mwaka 1970 ili kiwanda cha bia kipanuliwe, lakini nyumba za upande wa pili wa barabara bado zipo na zinatosha kupimia. Berner Street inaitwa Henriques Street, na pale Elizabeth Stride alipokutwa saa 7 usiku wa Septemba 30 ni uwanja wa shule ya msingi. Nilimwomba mpwa wangu asipige picha wala asikae hapo, ingawa ilikuwa Jumapili na watoto hawakuwepo. Nukta hiyo nimeiweka kwa ramani peke yake.

Jumapili, Januari 19. Siku hii niliisubiri kwa hamu, kwa sababu katika Mitre Square nilikutana na mtu wa fani yangu. Baraza la uchunguzi wa kifo cha Catherine Eddowes lilimwita Frederick William Foster, msanifu majengo na mpima, ambaye aliwasilisha michoro ya uwanja ule na kutoa ushahidi wa umbali: kutoka Berner Street hadi hapo ni robo tatu ya maili, yaani kama mita 1,200, mwendo wa dakika 12 hivi. Michoro yake ipo hadi leo. Nimeichapisha na kuibandika ukutani. Ni kazi safi, mistari imenyooka na kona ya kusini-magharibi, alipokutwa marehemu, imewekwa bila madoido yoyote. Mtu huyo aliitwa kupima mahali pa msiba, akapapima kama inavyotakiwa, na kwa sababu hiyo mimi wa Dodoma naweza kupaona.

Muda katika tukio hili ni mfupi mno. Eddowes alitolewa mahabusu katika kituo cha polisi cha Bishopsgate yapata saa 7 usiku, muda uleule Stride alipokuwa akikutwa. Konstebo Edward Watkins alipita uwanjani saa 7 na nusu asione kitu, akarudi saa 7 na dakika 44 akamkuta. Nilimtaka mpwa wangu atembee ile njia ya Foster kwa mwendo wa kawaida, asikimbie. Alitumia dakika 15, ambazo kwa hesabu yake karibu 3 zilikuwa za kusubiri taa za barabarani. Ukizitoa, Foster alikuwa sahihi. Majengo yanayouzunguka uwanja ni mapya karibu yote, lakini uwanja wenyewe umebaki uwanja, una mawe chini, na ile kona ipo. Tulinyamaza wote wawili kwa muda kwenye simu.

Jumapili, Januari 26. Hapa nilikosea, na kosa ni langu mwenyewe. Dorset Street, alikouawa Mary Jane Kelly, haipo tena kabisa. Upande wake wa kaskazini ulivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1920 likajengwa soko la mnada wa matunda, wa kusini ukafuata baadaye, na leo jengo kubwa la ofisi limekalia hata pale palipokuwa barabara. Nilifunga ramani, yaani niliilinganisha na picha ya setilaiti, kwa kutumia kona ya soko la Spitalfields, nikasahau kwamba ramani yangu ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1870 na jengo la soko tunaloliona leo lilianza kujengwa katikati ya miaka ya 1880. Ni kona mbili tofauti. Nukta ikahama karibu mita 9, na mpwa wangu akasimama kwenye baridi nusu saa mahali pasipohusika. Nimemwomba radhi. Kijana angefanya hivyo kazini kwangu ningemrudisha uwandani siku hiyohiyo.

Jumapili, Februari 2. Nimefunga upya kwa kanisa la Christ Church, lililokamilika mwaka 1729, pamoja na nyumba za kale za Fournier Street zilizo ubavuni mwake. Sasa mambo yamekaa sawa. Nukta imeangukia ndani ya jengo la ofisi, hakuna awezaye kuikanyaga bila ruhusa. Mary Jane Kelly alipanga namba 13 Miller's Court, ambacho kwa lugha yetu ni chumba cha uani: sehemu ya nyuma ya nyumba namba 26 ya Dorset Street iliyotengwa kwa mbao, mlango wake ukitazama kichochoro. Aliyemkuta saa 4 na dakika 45 asubuhi alikuwa ametumwa kudai kodi, deni la shilingi 29. Kati ya yote niliyosoma kwa miezi hii minne, deni hilo ndilo lililonikaa moyoni zaidi, kwa kuwa najua vyumba vya namna hiyo hapa Dodoma, Chang'ombe na Majengo, na namjua anayebisha hodi mwisho wa mwezi.

Katika jedwali langu kila nukta nimeipa jina la marehemu badala ya namba.

Imebaki Goulston Street, ambako kipande cha aproni ya Eddowes kiliokotwa mlangoni saa 8 na dakika 55 usiku. Jengo lile bado limesimama. Mpwa wangu amenunua tepu ya mita 5, na Jumapili ijayo atapima upana wa mlango na umbali wake hadi kona ya mtaa.