Feni ya tatu, na mke bado amenuna

Jamani, tanuri langu la uhunzi hapa uani Mbagala limenitoa jasho. Nilitaka feni ya kupulizia moto, nikaanza na ya kompyuta: inazunguka vizuri, ila ikikutana na mkaa upepo unagoma kupenya. Nikaazima drai ya nywele ya mama watoto (msiniulize yaliyofuata). Hiyo ikazidi. Mkaa uliisha kama karatasi, na nondo ya milimita 12 ikaanza kurusha cheche nyeupe, yaani chuma chenyewe kinaungua!

Jumamosi nikashuka mtaa wa Gerezani, nikapata feni yenye umbo la konokono. Kwenye bomba nimeweka kibati cha kuteleza, napunguza upepo nitakavyo, maana mkaa wa miti hautaki upepo mwingi kama makaa ya mawe. Umeme ukikatika, mivukuto ya babu, ile ya kupulizia moto kwa mkono, ipo stoo.