Nilivyoacha kuchora masanduku matatu

Kwa miaka kadhaa nilifundisha mihimili ya dola kwa mchoro mmoja tu. Masanduku matatu ubaoni: Bunge linatunga sheria, Serikali inatekeleza, Mahakama inatafsiri. Katikati nilipiga mistari minene, ili ionekane kwamba hakuna anayemwingilia mwenzake. Darasa langu lilikuwa la watu wazima, na kwa maswali ya mtihani mchoro ule uliwatosha.

Siku moja nikampa mwanafunzi chaki, nikamwambia amweke Waziri Mkuu mahali pake. Akaandika kwenye sanduku la Serikali. Mwenzake akadakia kutoka nyuma, "Lakini si mbunge huyo?" Akafuta, akaandika kwenye la Bunge. Kisha akasimama na chaki mkononi. "Mwalimu, sasa huyu anakaa wapi?" Nilitoa jibu refu lisilo na kichwa wala miguu, kipindi kikaisha.

Nilipoanza kusoma upya niligundua kosa lilianzia wapi. Mchoro wangu unaifaa Marekani, ambako waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Katika mfumo wa kibunge Serikali kwa kawaida huchipuka ndani ya Bunge lenyewe. (Hata hapo kuna tofauti: Uholanzi, mbunge akiwa waziri anaachia kiti chake.) Kilichonimaliza kabisa ni cheo cha Lord Chancellor wa Uingereza. Hadi mageuzi ya mwaka 2005, mtu huyo mmoja alikuwa waziri katika baraza, aliongoza vikao vya House of Lords (baraza la juu la Bunge), na alikuwa mkuu wa majaji. Masanduku yote matatu, mtu mmoja! Na mahakama ya juu kabisa ilikuwa kamati ndani ya hiyo House of Lords mpaka Oktoba 2009, Mahakama ya Juu ilipoanza kazi.

Basi nikafuta mistari, nikachora mishale. Kila mshale ulijibu swali moja: nani anaweza kumwondoa nani, au kutengua alichofanya? Wa kwanza ulikuwa rahisi. Machi 1979 Serikali ya James Callaghan, Waziri Mkuu wa Uingereza, ilianguka kwa kura ya kutokuwa na imani nayo, 311 dhidi ya 310. Ujerumani wameutengeneza mshale huo kwa tahadhari zaidi: Bunge halimwangushi Kansela, yaani mkuu wa Serikali, bila kumchagua mrithi wake kwa kura hiyo hiyo, kama lilivyomweka Helmut Kohl mahali pa Helmut Schmidt tarehe 1 Oktoba 1982.

Mshale wa Mahakama ndio ulionitoa jasho. Niliamua kusoma hukumu moja mwanzo hadi mwisho badala ya kutegemea magazeti, nikachagua ile ya Septemba 2019 kuhusu kufungwa kwa kikao cha Bunge la Uingereza. Tafsiri peke yake ilinichelewesha. Bunge kuahirishwa, kikao kufungwa na Bunge kuvunjwa ni mambo matatu tofauti, na mimi nilikuwa nikiyaita yote kuvunjwa. Hapa Bunge halikuvunjwa na hakukuwa na uchaguzi; Waziri Mkuu Boris Johnson alikuwa amemshauri Malkia afunge kikao kwa takriban wiki 5.

Mara ya kwanza nilisoma kama riwaya, nikapotea. Nilikuta aya inayosema jambo hili ni la kisiasa na halihusu mahakama, nikaipigia mstari kwa furaha nikidhani ndio uamuzi. Kumbe majaji walikuwa wakieleza hoja ya upande wa Serikali, ili waijibu baadaye. Nikaanza upya kwa kurudi nyuma: nikasoma aya ya mwisho kwanza nijue nani kashinda, kisha pembeni ya kila aya nikaandika herufi moja. L kwa mlalamikaji, S kwa Serikali, M pale Mahakama inapozungumza kwa sauti yake. Herufi za M zilikuwa chache kuliko nilivyotarajia, na hizo ndizo nilizozisoma mara tatu.

Majaji wote 11 walikubaliana. Hawakujiuliza Waziri Mkuu alikuwa na nia gani moyoni. Waliangalia matokeo: Bunge limezuiwa kufanya kazi yake ya kuisimamia Serikali, na hakuna sababu ya maana iliyotolewa. Kwa hiyo ufungaji ule ulikuwa batili, kana kwamba haukufanyika. Hawakumwambia Waziri Mkuu ajiuzulu, wala hawakuwapangia wabunge ratiba. Waliwaachia maspika wa mabaraza mawili waamue hatua inayofuata. Kesho yake wabunge walikuwa vitini.

Niliporudi darasani na mishale yangu nilijiona nimeshinda, nikaropoka kwamba Mahakama hufuta sheria za Bunge. Ikabidi nijisahihishe wiki iliyofuata. Uingereza, chini ya Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, majaji wanaweza kutamka kwamba sheria ya Bunge haiendani na haki hizo, lakini sheria inabaki hai mpaka Bunge lenyewe liiguse. India ni kinyume kabisa: mwaka 1973, jopo la majaji 13 liliamua, kwa 7 dhidi ya 6, kwamba hata marekebisho ya Katiba hayaruhusiwi kuvunja muundo wake wa msingi. Mshale ule ule, unene tofauti.

Yule wa chaki akauliza tena, "Na waziri akipuuza amri ya jaji? Jaji hana jeshi." Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Mwaka 1991 mwomba hifadhi kutoka Zaire, anayetajwa kwenye hukumu kwa herufi M tu, aliondolewa Uingereza, na jaji akaamuru arudishwe. Waziri wa Mambo ya Ndani akaifuta mipango ya kumrudisha. Mwaka 1993 House of Lords, ikikaa kama mahakama, iliamua kwamba waziri katika wadhifa wake anaweza kukutwa na hatia ya kuidharau mahakama.

"Alifungwa?" Hapana. Akachukua chaki, akauchora mshale huo kwa nukta nukta.