Muhogo chini ya taa ya noti

Leo asubuhi sokoni Kirumba kijana mmoja alimvunjia mteja muhogo ili auone weupe wake. Nikaukumbuka mzigo mmoja wa mihogo kutoka kisiwa cha Ukerewe, uliocheleweshwa na upepo ziwani.

Mihogo ilikuwa imeng'olewa jana yake. Mama mwenye mzigo akakata mmoja. "Umeona, mwanangu? Mzima huu." Mweupe kweli. Nikamwomba tuupeleke kwa wakala wa pesa, kwenye kibanda chenye giza, chini ya ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia.

Ukawaka bluu. Haukuwaka wote: mng'ao ulikuwa mkali kwenye mkato wa shina na chini ya ganda, ukafifia kuelekea moyoni, kisha ukatokea tena pale ncha ilipovunjikia. Wakala akasogeza noti zake, akaushika mwenyewe, akaugeuzageuza. Mama akasema tu, "Makubwa haya."

Kinachowaka ni skopoletini, kemikali inayojikusanya kwenye muhogo uliojeruhiwa. Mzizi ukijeruhiwa, kwa muda wa kama robo saa tu seli zake humwaga kemikali kali za oksijeni: superoksaidi, kisha haidrojeni peroksaidi. Kwa mmea hiyo ni kengele ya kuamsha vimeng'enya vya kinga. Ila mzizi ulioachana na shina hauzibi jeraha vizuri, na kengele haizimiki. Kimeng'enya kiitwacho peroksidesi huitumia ile haidrojeni peroksaidi kuoksidisha skopoletini, na ndipo michirizi ya bluu-nyeusi inapofuata mishipa. Siku mbili tatu, hauuziki. Bakteria hawajafika bado. Hao huja baadaye.

Nikamweleza: mzizi ubaki na kipande cha shina, magunia yasiburuzwe, mihogo ifukiwe kwenye maranda yenye unyevu. Nta nayo husaidia kwa kuzuia hewa. Bora zaidi, majani na matawi yakatwe wiki 2 hadi 3 kabla ya kuvuna, kibaki kisiki. Gharama yake ni wanga kupungua, na muhogo huchelewa kuiva jikoni.

Mihogo iliyowaka sana ikaenda usiku uleule kwa wakaangaji. Iliyoanza kuwa na michirizi akaitenga ya udaga, ya kuchachusha na kukausha. Kuhusu kukata majani, mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mwanangu, wenzangu kule wanang'oa mashina matatu leo, mengine mpaka siku ya mnada. Wakate yapi? Na kisamvu wachume wapi?"

Hilo la kisamvu sijalipatia jibu hadi leo.