Gunia la karafuu mbichi

Msimu wa karafuu wa 2017 nlikuwa msaidizi wa sheria hapa Pemba, mwaka wangu wa pili, na kichwa kimejaa Katiba ya Zanzibar ya 1984 hasa ile sura ya tatu ya haki, naitembeza kwenye begi kila nendapo. Tulikuwa na chumba cha kuazima Wete, meza moja, viti vitatu, na daftari la wateja ambalo kila anaeingia namuandika siku, saa na alokuja nalo. Hilo daftari nlikuwa naliona kazi ya kupoteza wino tu.

Jumatatu moja asubuhi akaingia bi mkubwa mmoja na hotipoti mkononi. Kakaa, hotipoti kaipakata, haiweki chini. Akanambia, "Mwanangu, mzee wangu yuko ndani toka juzi Ijumaa, chakula wanapokea lakini yeye sijamuona." Nkaandika kwenye daftari: Jumatatu, saa 3 na robo asubuhi, mume kakamatwa Ijumaa, karafuu.

Kisa chenyewe ni hivi. Mzee alimaliza kuchuma Ijumaa, karafuu kazichambua hukohuko shamba na makonyo, vile vijiti vyake, kayatenga, akapakia gunia moja kwenye gari ya ng'ombe ende kwake akaanike maana kule shamba majamvi hayakumtosha. Njia ya kwake inapita karibu na bandari ndogo. Akasimamishwa, kibali cha kusafirisha karafuu kiko wapi, hana, bas wewe unapeleka magendo. Na hapa nisiwe mkali kupita kiasi, magendo ya karafuu yapo kweli, zinavushwa usiku kwa mashua kwenda Kenya, na kisheria karafuu zetu zinauzwa ZSTC tu, shirika la biashara la serikali, mwaka ule grade one elfu kumi na nne kwa kilo. Lakini hizi zilikuwa mbichi, za kijani na wekundu wake, zinalowesha gunia. Karafuu ya magendo huwa imekauka ikaita, nani avushe mbichi ikamuozee baharini?

Mzee akatolewa Jumanne saa sita mchana kwa dhamana, mahakamani hakupelekwa hata siku moja. Gunia likabaki.

Usiku ule sikulala, nkajaza fomu ya malalamiko. Kuna sehemu imeandikwa "Haki iliyovunjwa" na mimi nkaijaza mpaka pembeni: kifungu cha 11, cha 12, cha 13, cha 14, cha 16, cha 17. Kwangu mimi mzee kaonewa, na alieonewa kavunjiwa haki zote, nlikuwa naona ni kitu kimoja.

Jumatano akaja mwanasheria wetu kutoka Chake, mama mtu mzima, sauti yake ya chini mpaka umsogelee. Kaisoma fomu kimya, akachukua kalamu. "Cha 13 ni haki ya kuishi. Mzee yuhai, alhamdulillahi. Toa." Kalamu ikapita. "Cha 16, uhuru wa kwenda atakako. Kusimamishwa njiani na kuulizwa kibali kumevunja?" Nkasema ndio dada, kazuiliwa. Akafungua kifungu cha 24 akanisomesha mimi mwenyewe kwa sauti. Maana yake ni kwamba haki hizi zinaweza kuwekewa mipaka na sheria ilotungwa na Baraza la Wawakilishi, ikiwa mpaka huo ni wa lazima na unakubalika kwenye mfumo wa kidemokrasia na haugusi msingi wa haki yenyewe. Kusimamishwa njiani msimu wa karafuu hakujafika huko, akasema. Toa. Cha 11 na cha 12, vya usawa, akaniuliza nani mwengine alipita na gunia siku ile akaachwa, mimi sijui, sikuuliza. Toa.

Nlihisi kama anamvua mzee nguo moja moja. Nkamwambia dada mbona unawatetea? Hakukasirika. Akanambia ukijaza vyote jaji hatoona hata kimoja, wewe nataka unitajie haki ipi, imeguswa na nani, saa ngapi mpaka saa ngapi, na sheria ilomruhusu kuigusa inaishia wapi. Pale inapoishia sheria na yeye akaendelea, hapo ndo pa kuandika.

Tukabaki na cha 14, uhuru wa mtu binafsi. Katiba haikatazi kukamatwa, inataka ukamatwe kwa utaratibu uliowekwa na sheria, na utaratibu wakati ule ulikuwa masaa 24 ufikishwe mahakamani au upewe dhamana. Mzee anasema alikamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, alikuwa keshasali alasiri, magharibi ilimkuta ndani. Mpaka Jumanne saa sita mchana ni masaa 91. Kesi imeisha, mimi nkasema.

Haikuisha. Mwanasheria asubuhi ile alikuwa kapita kituoni (kituo chenyewe sitokitaja) na kitabu chao kinasema mzee kaingizwa Jumatatu saa mbili usiku. Kwa hesabu hiyo ni masaa 16, hakuna alievunja kitu. Mzee alikuwa kakaa pembeni, akasikia, akainama akaangalia mikono yake. Vidole bado vina rangi nyeusi ya utomvu wa karafuu. Hakusema "waongo" wala nini. Alisema tu, "Kwani mie sijui siku niliolala chini?"

Ile sentensi mpaka leo ninayo. Maana kitabu kina muhuri na mzee hana muhuri, na mimi, naliekuwa namuamini usiku kucha, kwa dakika kama mbili hivi nliona kitabu kizito kuliko yeye.

Mwanasheria akauliza, "Huyu bi mkubwa alikuja hapa lini?" Nkavuta daftari. Jumatatu, saa 3 na robo asubuhi, mume kakamatwa Ijumaa, mwandiko wangu, wino wangu, na chini yake wateja wengine watatu wa siku hiyohiyo kwa hiyo hakuna wa kusema nimechomeka baadae. Akahesabu kwa vidole. "Hapo tu, ukiiacha Ijumaa na Jumamosi na Jumapili yote, kutoka saa hii mpaka alipotoka ni masaa 26 na dakika 45." Hilo daftari halithibitishi kwamba alikuwa ndani, akanitahadharisha, linathibitisha kwamba mkewe alilisema hilo kabla mtu yeyote hajajua kutakuwa na ubishi wa saa, na hilo lina uzito wake, na alompokea hotipoti getini ataulizwa alikuwa anampokelea nani. Nkamuuliza wakisema ilikuwa wikiendi mahakama imefungwa? Akajibu, "Mahakama imefungwa, dhamana ya polisi haijafungwa."

Nkaandika: kifungu cha 14, kimevunjwa. Mara ya kwanza naliandika neno lile huku najua nnachokiandika.

Cha 17, mali, tulibishana sana. Yeye anaona kuzuia gunia kwa uchunguzi sheria inaruhusu. Akanitajia kesi ya Kukutia Ole Pumbun ya 1993, ya Mahakama ya Rufani, ile ni ya Katiba ya Muungano na ilihusu sharti la kupata idhini kabla ya kuishitaki serikali, lakini kipimo chake anakitumia kila siku: sheria isiwe ya kidhalimu, na mpaka inaoweka usizidi kile kilicho lazima. Sasa kilicho lazima kwenye gunia la karafuu mbichi ni kipi? Akasita. Na mimi sikujua.

Bi mkubwa alikuwa mlangoni. Akafungua pindo la kanga akamwaga mezani, alikuwa ameombea kidogo kituoni akapewa konzi. Zilikuwa zimepauka, weupe wa majivu, zimenata, chumba kizima kikaingia harufu ya kuvunda. Mwanasheria akaokota moja akaivunja kwa kucha, haina mafuta. Siku tano ndani ya gunia halijafunguliwa. Wangeziacha zikaanikwa uwanjani kwao hapohapo, akasema, uchunguzi ungeendelea na mali ingebaki mali. Akaniangalia. "Andika na cha 17."

Barua ikaenda. Gunia likarudishwa wiki ilofuata, halifai hata jamvi. Malipo hakuna, na mashtaka hayakufunguliwa. Sisi tulikuwa tayari kumpeleka mzee Mahakama Kuu Chake, hakuna hata senti tungemtoza, akatusikiliza mpaka mwisho kisha akauliza itachukua muda gani, tukamwambia ukweli. Akasema mikarafuu ilobaki haingoji.

Kabla hajatoka akaniomba nimsomee nilichoandika pale kwenye haki iliyovunjwa. Nkamsomea, cha 14 na cha 17. Akaniomba nirudie siku. Nkarudia: toka Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

"Eeh," akasema. "Ijumaa."