Mikuo, sarafu na reale ya bibi: nilivyochagua fedha ya kuweka akiba

Nimeishi Uingereza miaka mingi, na nilipoamua kuweka akiba ya madini nilichagua fedha kwa sababu dhahabu ilinishinda bei. Tena nilikuwa nayo kidogo tayari: marehemu bibi yangu wa Unguja aliniachia mafurungu mawili, yaani bangili za miguuni, na reale moja, sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Kwa kuwa katika lugha yetu fedha ni madini na fedha ni pesa, nilidhani kuinunua ni kama kuvunja noti.

Nilianza na mkuo, yaani kipande cha fedha kilichosubuliwa kiwandani, wa gramu 100. Sikuwa nimezingatia kwamba hapa dhahabu ya uwekezaji haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, ilhali fedha mpya hutozwa asilimia 20, kwa hiyo hata kama muuzaji asingejiwekea faida yoyote, bei ya soko ingelazimika kupanda kwa kiasi hicho ndipo nirudishe nilichotoa. Na faida hujiwekea, tena kwa kila gramu huwa kubwa zaidi kadiri kipande kinavyokuwa kidogo. Miezi minane baadaye nilipata dharura nikaupeleka mkuo kuuza. Mnunuzi aliupima, akaukwaruza, akanitajia bei iliyo chini sana ya soko kwa sababu hakuutambua muhuri wa kiwanda.

Baada ya hapo nilifikiria mkuo wa kilo moja, ambao kwa kila gramu ni nafuu, lakini nikijua shida zangu huja ndogo ndogo sikuona namna ya kuukata kipande. Nikahamia kwenye sarafu za Britannia. Kila moja ina aunsi moja ya madini, yaani gramu 31.1, tangu 2013 zina usafi wa 999, yaani sehemu 999 za fedha katika kila 1000, na za kabla ya hapo 958. Kwa kuwa ni pesa halali ya pauni 2, mkazi wa Uingereza akiziuza kwa faida hatozwi kodi ya faida ya mtaji, jambo ambalo mikuo haina. Mimi hununua zilizokwisha kupita mikononi mwa watu, kwa wauzaji wanaotoza kodi ya ongezeko la thamani kwenye faida yao pekee, na madoa meupe yaliyomo hayanisumbui, kwani mnunuzi wangu hulipia uzito.

Sarafu za zamani zilinivutia pia, ila hapo mwaka ndio unaosema: za Uingereza hadi 1919 ni fedha ya 925, na kuanzia 1920 hadi 1946 ni nusu tu. Niliwahi kujisifu kwa mkebe wa shilingi za Afrika Mashariki za kati ya 1921 na 1946, mpaka sonara mmoja aliponieleza, huku akicheka, kwamba fedha iliyomo ni robo tu, hata gramu mbili hazifiki kwa shilingi.

Reale ya bibi ina gramu 28 na usafi wa 833, hivyo fedha halisi ni kama gramu 23.4. Imeandikwa 1780, lakini mwaka huo hauthibitishi umri, maana sarafu hizo ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile muda mrefu baada ya malkia kufa, hata London na Bombay. Kwa hiyo bei yake haiko mbali sana na bei ya madini, nami sikuona sababu ya kuiuza.

Vito sinunui kwa akiba. Unalipa ufundi wa sonara, na siku ya kuuza ufundi hauhesabiwi.

Britannia zangu hukaa katika mrija, na mrija wa sarafu 25 una gramu 777, tayari umepita nisabu ya zaka ya fedha, yaani kiwango ambacho mali ikikifikia hutolewa zaka, ambacho wengi hukihesabu kuwa gramu 595. Basi kila Ramadhani huzitoa mrijani, nikapiga hesabu kwa bei ya siku hiyo, nikazirudisha zikiwa kavu, mbali na vitu vya mpira, ambavyo huzifanya nyeusi. Mafurungu hayamo katika hesabu hiyo. Anayavaa binti yangu, na kwa madhehebu yetu ya Shafi pambo la kuvaliwa halitolewi zaka.